BAADA YA UPASUAJI WA ROVU
(Mazungumzo na wanachama wa vikundi, Karen)



Rovu likishakatwa huwa tunamshukuru Mungu, tunafunga hesabu ya harambee, basi. Leo nataka tuongee juu ya miezi inayofuata.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kadiri ya punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi. (Katika karne ya 19 Mwingereza Richard Owen alivikuta ndani ya kifaru aliyekufa London. Sisi majirani wa Mbuga ya Nairobi tumewaona vifaru wangapi bila kujua!) Kazi yake ni kutoa homoni inayolinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Rovu likikatwa, vinaweza kuumia. Kwa wengi hupona baada ya majuma au miezi. Kwa wachache homoni hairudi.

Hapo kalsiamu hushuka. Midomo na ncha za vidole hufa ganzi, mikono hukakamaa, hata mtu huanguka kama mwenye kifafa. Jirani atasema ni mapepo. Mwombeeni, ndiyo, lakini mpelekeni hospitali upesi, maana hata moyo huweza kuharibika mapigo.

Dawa ni vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D ile inayoandikwa na daktari. Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wanapotea. Homoni hii pia huiamuru figo itoe fosfeti. Ikikosekana, fosfeti hubaki damuni. Mtu akijiongezea vidonge "ili nipate nguvu", kalsiamu na fosfeti hukutana na kuganda: kwenye figo kama mawe, na hata katika kuta za mishipa ya damu, kama chokaa inayoshika ndani ya birika. Mshipa ukishakuwa mgumu, moyo unasukuma kwa taabu.

Kwa hiyo usipunguze wala usiongeze kabla damu haijapimwa kalsiamu, fosfeti na figo. Usishtuke daktari akiiacha kalsiamu yako chini kidogo. Amekusudia hivyo, kulinda figo na mishipa. Na soda nyeusi ipunguze, ina fosfeti.

Waweka hazina, ombi langu ni kwenu. Mkipanga harambee ya upasuaji, tengeni pia fedha za kupima damu mwaka wote wa kwanza. Maswali tutayachukua baada ya chai.