Mwanamke, Shamba la Ukoo na Katiba



Mwezi Agosti 1988, huko Muleba mkoani Kagera, mwanamke mmoja mzee, asiye na wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku iliyofuata mtoto wa ndugu yake alifungua madai katika Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Hakimu hapaswi kulaumiwa upesi, kwani kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilikuwa wazi: mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Mahakama ya Wilaya iliutengua uamuzi huo, na rufani ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Yafaa tarehe ziangaliwe. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi hawakuweza kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988. Shamba liliuzwa miezi mitano tu baadaye. Tena neno “jinsia” halikuwamo bado katika ibara inayokataza ubaguzi. Liliongezwa mwaka 2000. Mtu mwoga angalijificha nyuma ya pengo hilo. Jaji Mwalusanya hakujificha. Katika hukumu yake ya Februari 1990 alieleza kwamba Katiba inatamka usawa wa watu wote, na kwamba nchi imekwisha kuridhia mikataba ya kimataifa inayokataza kumbagua mwanamke. Sheria ya mpito ya 1984 iliziagiza mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yatakayozilinganisha na Katiba. Basi akazirekebisha.

Wapo wanaodhani kwamba aliifuta mila. La, hasha! Mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi bila ridhaa ya ukoo, wenzake waliruhusiwa kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji alimpa mwanamke haki hiyo hiyo, wala hakumzidishia. Mauzo yakawa halali, na mdai akapewa miezi sita kulikomboa shamba kwa shilingi 300,000 kama kweli alilitaka.

Ingetazamiwa kwamba jambo hilo lilikwisha. Haikuwa hivyo. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe katika nyumba zao, walizipinga kanuni zile zile za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzibatilisha, ikisema kwamba mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Hoja hiyo ni dhaifu, maana katika shauri la Muleba mahakama iyo hiyo ilikuwa imefanya hivyo miaka kumi na sita kabla. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao kwa kasoro ya nyaraka, bila kugusa kiini. Wajane hao walilazimika kwenda mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo iliwapa haki mwaka 2015.