Aliyekunywa Sumu Si Mhalifu: Kujidhuru Katika Jamii Ndogo za Kuresoi

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi wa afya ya akili mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa Nyumba Kumi, walimu na wenye maduka ya dawa za kilimo kutoka Kuresoi Kusini.

Chamgei. Muriega. Bwakire buya. Nimesalimu kwa lugha tatu na bado kuna watu humu ndani ambao sijawasalimu kwa lugha ya mama zao. Naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hilo hilo ndilo limenileta mbele yenu.

Nianze na habari ya sheria, maana kuna wengi bado hawajaisikia. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Kifungu hicho ndicho kilichosema kwamba mtu anayejaribu kujitoa uhai ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Waliokwenda kortini ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Jaji alikubaliana nao kwamba huko ni kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake, na ni kumvunjia heshima yake kama binadamu.

Sheria hiyo tuliirithi kutoka kwa Waingereza. Wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Sisi tukaendelea kuibeba zaidi ya miaka 60.

Mnajua ilivyotuharibia. Kijana analetwa hospitalini usiku kwa pikipiki, ana povu mdomoni. Ukiwauliza waliomleta, wanasema alidhani ni soda, au alikuwa ananyunyizia viazi upepo ukamrudishia. Daktari anatibu sumu, anaandika kwamba ni ajali, na siku ya tatu kijana anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kilichomsibu. Familia haikuwa na nia mbaya, iliogopa kituo cha polisi. Lakini kwa uongo ule mdogo vitu viwili vilipotea: kijana alikosa msaada, na daftari la hospitali likakosa ukweli. Nchi ambayo daftari zake hazisemi ukweli haiwezi kujua ni nani anayeumia zaidi.

Ninaposema kujidhuru, nina maana ya mtu yeyote anayejiumiza kwa makusudi, awe alitaka kufa au hakutaka. Wengi hawafi. Wengine ukiwauliza baadaye watakwambia hawakutaka kufa kabisa, walitaka ile hali iishe. Hata hivyo tusilichukulie jambo hili kwa wepesi, na tuache maneno kama "anatafuta kuonewa huruma tu". Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujitoa uhai kila mwaka, karibu robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba mtu aliyewahi kujaribu ndiye aliye katika hatari kubwa ya kurudia. Kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29, hicho ni chanzo cha tatu cha vifo duniani.

Sasa nije kwa jamii ndogo. Niliombwa nieleze utafiti unasema nini, nami nitaeleza kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Huko England kuna miji mitatu, Manchester, Oxford na Derby, ambayo hospitali zake huandika kila mtu anayefika baada ya kujidhuru. Watafiti walichukua daftari za mwaka 2001 hadi 2006, watu zaidi ya 20,000, wakaangalia kabila na rangi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliojidhuru kwa kiwango cha juu kuliko wote katika miji yote mitatu walikuwa wanawake vijana Weusi, wa miaka 16 hadi 34. Na hao hao ndio waliopata huduma ya daktari wa akili kwa uchache. Yaani anayehitaji zaidi ndiye aliyepewa kidogo. Hata katika utafiti ule, robo nzima ya wagonjwa hawakuandikwa ni wa jamii gani, na hiyo ni nchi yenye kompyuta kila meza.

Utafiti wa pili ulifanywa kusini mwa London na Jan Neeleman na Simon Wessely, ukachapishwa mwaka 1999. Huo ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu unanikumbusha Kuresoi. Waligundua kwamba watu wa jamii ndogo walijitoa uhai zaidi katika mitaa ambako wenzao walikuwa wachache. Pale walipokuwa wengi pamoja, kiwango kilishuka. Watu walikuwa wa asili ile ile na mji ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa ni nani anaishi nyumba ya pili.

Fikirieni Kuresoi. Hapa, mdogo ni nani? Inategemea uko kwenye kilima kipi. Mkipsigis ni wengi hapa na ni mchache ukivuka mabonde mawili. Mkikuyu, Mkisii, Mturkana, kila mmoja ana mahali ambapo akiingia dukani watu hupunguza sauti. Na sisi tuna jambo ambalo wale wa London hawakuwa nalo. Tuna 1992, tuna 1997, tuna 2007 na 2008. Kuna watu wazima humu waliokuwa watoto ndani ya mahema ya wakimbizi wa ndani. Mtu aliyekimbia akiwa na miaka saba leo ana watoto wake, na kila uchaguzi unapokaribia halali usingizi. Hatawaambia ninyi kwamba anaogopa. Atawaambia tumbo linauma.

Halafu kuna Waogiek. Hao ni wachache popote walipo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya 50,000 nchi nzima. Wengine kati yetu bado tunawaita kwa lile jina la Ndorobo, ambalo asili yake ni kumwita mtu maskini asiye na ng'ombe. Ningependa lisisikike tena kwenye foleni ya zahanati yoyote.

Kwa Waogiek, ardhi na moyo havitengani. Msitu wa Mau uligawanywa na wazee wao kwa koo, kila ukoo na eneo lake la mizinga na njia zake za kuwinda. Watu wa Tinet, hapa hapa kwetu, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa msituni, na Machi 2000 wakashindwa. Mwaka 2009 ikaja notisi ya siku 30 kwa wakazi wa msitu wa Mau. Kesi iliyofuata ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ikaamua kwamba haki za Waogiek zilivunjwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa hukumu ya fidia, ikiwemo shilingi milioni 100 kwa madhara ya kimoyo na kiutu. Sikuja hapa kuzungumzia utekelezaji wa hukumu hiyo, kuna ofisi za kulijibu hilo. Nataka mtazame kitu kimoja tu: mahakama ilikubali kwamba mtu anaweza kuumia rohoni kwa kuondolewa mahali pake, na kwamba maumivu hayo yana uzito hadi yakapewa bei.

Kule Canada, katika jimbo la British Columbia, Michael Chandler na Christopher Lalonde walichunguza karibu jamii 200 za wenyeji wa asili. Kwa jumla, vijana wa jamii hizo walikuwa wakijitoa uhai kwa kiwango cha kutisha. Lakini walipotazama kijiji kwa kijiji kwa miaka ya 1987 hadi 1992, waliona zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kifo hata kimoja cha namna hiyo cha kijana. Msiba ulikuwa umejaa mahali pachache. Basi wakauliza, wale walio salama wana nini? Wakakuta mambo kama haya: jamii inayojitawala, inayodai ardhi yake, inayoendesha shule yake, inayosimamia huduma zake za afya, yenye nyumba ya mila na utamaduni. Kadiri jamii ilivyokuwa na mengi ya hayo, ndivyo vijana wake walivyokuwa salama. Walichapisha mwaka 1998.

Mimi hapo najifunza hivi. Asiwepo mtu wa kusema "kabila hili wana tabia ya kujiua". Kabila halina tabia hiyo. Kijana anapoona kwamba jina lake, lugha yake na shamba la babu yake vina kesho, naye huiona kesho yake. Mzee anayemfundisha mjukuu kuning'iniza mzinga anafanya kazi ya afya ya akili, ingawa halipwi na wizara.

Nije sasa kwa sumu, na hapa nawaangalia wenye maduka ya agroveti. Hapa tunalima viazi, tunafuga, na wengine wana majani chai. Katika kila nyumba kuna dawa ya ukungu wa viazi, ya kupe, au ya magugu. Iko jikoni, iko chini ya kitanda kwa sababu ni ghali na tunaogopa wezi. Watu wengi wanaojidhuru kwa sumu hawakupanga jambo hilo wiki nzima. Ni hasira ya jioni moja, ugomvi wa simu, karo, au mapenzi. Ile saa ikipita mtu akiwa hai, mara nyingi wazo nalo hupoa. Ndiyo maana umbali kati ya mtu na chupa ni jambo kubwa.

Sri Lanka walikuwa na tatizo hili kuliko karibu nchi yoyote. Serikali ikapiga marufuku dawa kali zaidi, moja baada ya nyingine, na viwango vya kujitoa uhai vikashuka kwa asilimia 70. Inakadiriwa maisha 93,000 yaliokolewa kati ya 1995 na 2015, na wakulima waliendelea kuvuna. Nchi hiyo hiyo ilijaribu pia kugawa masanduku ya kufuli kwa wakulima katika vijiji 180, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yakaonyesha masanduku peke yake hayakusaidia. Nawaambia haya ili msidhani mkishanunua kufuli kazi imeisha. Ufunguo unaoning'inia kando ya sanduku haufungi kitu. Kwa hiyo ninyi wauzaji mtusaidie: mteja akitaka dawa kidogo usimuuzie kubwa, usipime dawa kwenye chupa ya soda, na mtu usiyemfahamu akija analia au amelewa, mwambie dawa imekwisha. Biashara ya siku moja utaifidia.

Wahudumu wa afya ya jamii, kila mmoja wenu ana kaya kama 100. Mkimshuku mtu, muulizeni wazi: "Je, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humtua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa ndani ya nyumba, na umlete Olenguruone au Keringet. Tutamtibu, na ikihitajika tutampeleka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Nakuru. Kama ni usiku na huna pa kuanzia, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, na kama ni mtoto piga 116. Simu hizo hazilipiwi.

Ila kuna kizuizi kimoja ambacho hakiwezi kuondolewa na simu. Chukulia binti wa Kiogiek wa miaka 16. Analetwa zahanati, muuguzi anazungumza Kiswahili na Kikisii. Anayetafsiri ni mjomba wake, na huenda mjomba huyo ndiye chanzo cha shida. Binti atasema nini? Atasema kichwa kinauma. Tutampa dawa ya maumivu na tutaandika "maumivu ya kichwa", na yule mtafiti atakayekuja miaka kumi baadaye kusoma daftari zetu ataandika kwamba wasichana wa Tinet hawana tatizo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kabla hamjaenda kunywa chai. Kuanzia sasa, anayefika na sumu tumboni tuandike ukweli wa kilichotokea, maana polisi hawahusiki tena. Na kama unazungumza Kiogiek, Kikisii au Kiturkana vizuri, unajua kutunza siri, na uko tayari kuamshwa usiku kutafsiri, hasa kina mama, njoo hapa mezani uandikishe jina lako na zahanati iliyo karibu nawe. Kalamu ninayo.