Kabla ya Hadubini: Kipande cha Titi na Utabiri wa Saratani



Mwanamke akishaambiwa kwamba uvimbe wa titini ni saratani, huuliza: sasa itakuwaje? Ikitolewa, itarudi? Nitawakuza wanangu? Maswali hayo humfikia daktari wa upasuaji na daktari wa saratani, lakini sehemu kubwa ya jibu imelala maabara ya patholojia, ndani ya kipande cha nyama kisichozidi ukucha. Jioni hii nitaeleza tunavyolisoma jibu hilo, na kwa nini nashikilia kwamba katika hospitali zetu mara nyingi huharibika kabla halijafika chini ya hadubini.

Niwape haki yao kwanza waliotutangulia. Mwaka 1957 Bloom na Richardson walionyesha kwamba sura ya seli inaweza kupewa alama. Mwaka 1991 Elston na Ellis wa Nottingham wakaunyoosha utaratibu huo, nao ndio tunaoutumia hadi leo. Tunatazama mambo matatu: je, seli bado zinajipanga kuwa mirija kama za titi lenye afya? Viini vyake vimeharibika umbo kiasi gani? Ngapi ziko katikati ya kugawanyika? Kila jambo hupata alama 1 hadi 3. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 la pili, 8 au 9 la tatu, na hilo la tatu ndilo lenye mwendo mkali. Kazi hii inataka hadubini nzuri, rangi za kawaida za maabara, na mtu aliyefundishwa kuhesabu kwa uaminifu. Nasikitika kila ninapoona ripoti imeandikwa "saratani ya titi" bila daraja. Hapo mgonjwa amenyimwa kitu ambacho tayari amekilipia.

Lakini daraja halimwambii daktari ampe mgonjwa dawa gani. Kwa hilo historia inatupeleka Glasgow, ambako mwaka 1896 George Beatson alichapisha taarifa ya wanawake aliowatoa ovari, wenye saratani ya titi isiyokatika tena kwa kisu. Mmoja wao uvimbe wake ulinywea, ukapotea katika muda wa miezi michache. Beatson hakuweza kueleza sababu. Homoni ya estrojeni ilikuwa haijatambuliwa. Madaktari waliomfuata wakaona jambo la kutatiza: kati ya wagonjwa watatu waliofanyiwa hivyo, mmoja tu hivi ndiye aliyepata nafuu. Wengine walipoteza ovari bure, na hapakuwa na njia ya kuwajua mapema.

Njia ilipatikana Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elwood Jensen aliitia estrojeni alama ya mionzi, kisha akafuatilia inakokwenda mwilini mwa panya. Aliikuta imeng'ang'ania kwenye mfuko wa uzazi, kwa kuwa seli za pale zina protini ya kuidaka, yaani kipokezi. Ikaja kubainika kwamba baadhi ya saratani za titi nazo zina kipokezi hicho na hustawi kwa estrojeni, na nyingine hazina. Tamoksifeni, kidonge kinachokizuia kipokezi kisiamshwe na estrojeni, kilianza kutumika Uingereza mwaka 1973 na Marekani mwaka 1977. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba mwanamke mwenye vipokezi akikimeza kwa miaka 5 au karibu yake, hatari ya kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa takriban theluthi moja. Asiye na vipokezi, hakimsaidii kitu.

Tazameni, basi, kwamba kipimo kimoja kinajibu maswali mawili. Kinamwongoza daktari katika kuchagua dawa, na pia kinatabiri mwendo. Saratani isiyo na vipokezi, ikiwa itarudi, kwa kawaida hurudi ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Yenye vipokezi hukawia, lakini haina usahaulifu: mwaka 2017 wanawake zaidi ya 62,000 waliochambuliwa kwa pamoja walionyesha kwamba iliendelea kurudi kidogo kidogo hadi mwaka wa 20. Ndiyo maana nawakataza wanafunzi wangu kumtangazia ushindi mgonjwa wa kundi hili kwa sababu tu ametimiza mwaka wa tano.

Alama nyingine, HER2, ina historia inayonipa moyo kuliko zote. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walichunguza uvimbe wa wanawake 189. Wakakuta kwamba katika baadhi yao jeni ya HER2 imejirudufu mara nyingi ndani ya seli, na kwamba wanawake hao ugonjwa uliwarudia upesi na kuwaua mapema. Leo tunajua kundi hilo ni kama asilimia 15 hadi 20 ya wagonjwa. Mwanzoni alama hii ilikuwa habari mbaya tupu. Kisha ikatengenezwa kingamwili ya kuishambulia protini inayotokana na jeni hiyo, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2005 majaribio yalionyesha kwamba, kwa ugonjwa uliowahiwa, dawa hiyo pamoja na tibakemikali inapunguza kurudi kwa saratani kwa karibu nusu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Utabiri wa kutisha uligeuka kuwa njia ya tiba, kwa sababu kuna watu waliokataa kuishia kwenye kutabiri.

Kuhusu Ki-67, protini iliyoonyeshwa na watafiti wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983, nitasema machache. Huonekana kwenye seli zinazojiandaa kugawanyika. Ikiwa ni asilimia 5 ya seli au chini, au 30 na kuendelea, wasomaji wengi tunakubaliana. Katikati ya hapo tunatofautiana mno, na sioni busara kumpa mtu dawa kali kwa kuegemea asilimia 17. Vipo pia vipimo vinavyosoma jeni nyingi kwa mpigo: Oncotype DX husoma 21, MammaPrint 70. Jaribio la TAILORx, lililotoa matokeo mwaka 2018 kwa wanawake zaidi ya 10,000, lilionyesha kwamba wengi wenye vipokezi vya homoni, wasio na HER2 na ambao saratani haijafika tezi za kwapa, wanaweza kuepushwa tibakemikali. Ni kazi nzuri sana. Lakini kipimo kimoja hugharimu maelfu ya dola, na wagonjwa wengi wa hapa Tanzania hutufikia saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Siwezi kuja kuomba vipimo hivyo wakati chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, haijajaa.

Hapo ndipo penye mzigo wa mhadhara huu. Tishu ikishakatwa kutoka mwilini haina damu tena, na huanza kuoza dakika ileile, kama samaki aliyetolewa majini. Protini za vipokezi ni miongoni mwa vinavyowahi kuharibika. Kanuni zinajulikana: kipande kiingie katika formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formalini iwe nyingi mara 10 kuliko tishu, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Titi zima likatwe vipande vyembamba kwanza, kwa kuwa formalini hupenya polepole, yapata milimita moja kwa saa. Sasa fikirieni titi lililotolewa Ijumaa alasiri, likasukumizwa zima ndani ya ndoo ndogo, likasubiri Jumatatu. Au chupa aliyokabidhiwa ndugu wa mgonjwa apande nayo basi hadi mjini. Kwa nje nyama imehifadhika vizuri, na katikati imeoza. Tukiipaka rangi ya vipokezi, haishiki. Mtu anaandika "hasi", na kwa neno hilo mwanamke ananyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingeweza kumwokoa.

Msidhani haya ni ya nchi maskini peke yake. Katika jimbo la Newfoundland, Kanada, kati ya mwaka 1997 na 2005, karibu wagonjwa 400 walipewa majibu yasiyo sahihi ya vipokezi vya homoni. Tume iliyoongozwa na Jaji Margaret Cameron ilitoa ripoti mwaka 2009, na iliyoyakuta ni mambo ya kila siku ya maabara: uhifadhi wa tishu, usimamizi, ubora usiofuatiliwa.

Kwetu jambo hili limezaa hata nadharia. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba saratani ya titi ya Mwafrika kwa kawaida ni hasi-tatu, isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2. Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti nyingi za bara hili, uliochapishwa katika PLoS Medicine, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wana vipokezi vya estrojeni. Tena, tafiti zilizotumia vipande vya zamani vilivyokaa makabatini zilipata vipokezi kwa uchache, pungufu ya asilimia 10 hivi, kuliko zile zilizokusanya tishu upya kwa utaratibu. Sisemi hasi-tatu ni hadithi. Tafiti za Ghana zimeikuta nyingi kuliko za Ethiopia, na hiyo ni tofauti inayostahili kuchunguzwa na vijana walioketi humu. Ninachosema ni kwamba sehemu ya ile tuliyoiita asili ya Mwafrika ilikuwa uzembe wa chupa.

Naomba basi mambo yasiyohitaji mkopo wa taifa. Fomu inayoambatana na kipande iwe na nafasi mbili, moja ya saa kilipokatwa na nyingine ya saa kilipoingia formalini, na maabara irudishe simu pale zinapokuwa tupu. Formalini ihesabiwe miongoni mwa vifaa vya chumba cha upasuaji, kama nyuzi na glavu. Wauguzi wa chumba hicho wafundishwe na sisi wenyewe, uso kwa uso. Na wewe mwanapatholojia kijana, kabla hujaandika "hasi", tafuta kwenye kioo hichohicho mirija ya titi yenye afya, kwa maana baadhi ya seli zake lazima zishike rangi ya kipokezi cha estrojeni. Zisiposhika, tishu imekufa mikononi mwetu na huna ruhusa ya kutoa jibu. Andika hivi: kipande hiki hakisomeki, tafadhali chukueni kingine. Kisha mpigie simu daktari aliyekileta, siku hiyohiyo.