Kutu Chini ya Motokaa, na Namna ya Kuizuia

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi



Halmashauri imetupa kazi ya kusema machache juu ya utunzaji wa motokaa, nasi tumechagua sehemu moja tu ya jambo hilo, yaani ile isiyotazamwa na watu: upande wa chini. Mwenye motokaa huosha vioo, husugua milango mpaka ikang'aa, tena hununua matandiko mazuri ya viti. Lakini ni wachache katika sisi waliopata kuinama wakatazama chini yake. Na huko chini ndiko motokaa nyingi zinakoanza kufa.

Jambo hili si dogo kwetu sisi watumishi. Wengi wetu hatununui motokaa kwa fedha iliyo mkononi; twanunua kwa mkopo, na deni hukatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi kwa muda wa miaka. Basi motokaa ikiliwa na kutu kabla deni halijakwisha, mtu huendelea kulipia kitu ambacho hanacho tena. Wala hasara ya fedha siyo iliyo kubwa kuliko zote. Mabomba madogo ya chuma yapitishayo mafuta ya breki yako huko huko chini. Bomba likitoboka kwa kutu siku ya kuteremka mlima, hakuna mkopo utakaorudisha roho ya mtu.

Kwanza yafaa tujue kutu ni nini. Chuma hutolewa katika mawe ya ardhini kwa moto mkali, na katika mawe hayo kilikuwa kimeungana na oksijeni, ile sehemu ya hewa ituwekayo hai. Tangu siku kilipotengwa, chuma hutafuta kurudi katika hali yake ya kwanza, na maji ndiyo mshenga wa ndoa hiyo. Chuma kikavu katika hewa kavu hakishiki kutu. Maji yakipatikana, hata umande mwembamba usioonekana kwa macho, kazi huanza. Na chumvi ikiingia katika maji hayo, kazi huenda mbio, kwa sababu kushika kutu ni kazi ya umeme mdogo upitao kutoka mahali pamoja pa chuma hata mahali pengine, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji matamu.

Tena kutu ina tabia ambayo madini mengine hayana. Alumini ikipatwa na hewa hujifunika utando mwembamba ulioshikamana, na utando huo huilinda. Kutu haimlindi bwana wake. Huvimba, hupasuka, hudondoka, na chuma kilicho chini yake hubaki wazi kuliwa. Ndiyo sababu rangi ya motokaa huinuka kama lengelenge: kutu imevimba ndani, nayo yatafuta nafasi.

Sasa tutazame nchi yetu. Kila mwenye nyumba pwani ameona kibakuli cha chumvi kikilowa wakati wa masika, ingawa hakuna aliyemwaga maji. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Upepo wa bahari huchukua chembe za chumvi na kuzitia chini ya motokaa za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, mahali ambapo mvua haifiki kuziosha, nazo hukiweka chuma katika umande mchana na usiku. Paa la motokaa huoshwa na mvua na kukaushwa na jua. Matumbo yake hayapati neema hiyo. Watu wa bara nao wasijione wamepona, kwa maana motokaa nyingi za nchi zetu hutoka Japani baada ya kutumika huko. Japani ya kaskazini, kama kisiwa cha Hokkaido na nchi ya Tohoku, ina theluji nyingi wakati wa baridi, na chumvi humwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Sheria ya mwaka wa 1990 ilizuia matairi yenye misumari kwa ajili ya vumbi yaliyolifanya, na baada yake chumvi ikazidi kutumiwa. Basi motokaa iliyokaa huko miaka saba yaweza kufika bandarini kwetu ikiwa imekwisha kunywa chumvi ya theluji, ndipo ianze kunywa chumvi ya bahari.

Je, tufanyeje? Wazee wetu wa pwani walijua kazi ya namna hii kabla motokaa haijafika. Nahodha akipandisha jahazi pwani, hakimbilii kupaka. Kwanza mabaharia huukwangua uchafu wote wa bahari ulioshikamana na mbao, kisha huuacha ubao ukauke, ndipo hupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, katika sehemu ikaayo majini. Na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki. Wala hawapaki mara moja kwa umri wote wa chombo, bali hurudia. Adui yao ni mdudu alaye mbao, wala si kutu, lakini kanuni ni moja, nayo ina mambo matatu: kusafisha, kukausha, na kurudia. Mtu ayashikaye hayo matatu, dawa yo yote iliyo njema itamfaa. Ayaachaye, hata dawa ya bei kubwa haitamsaidia.

Dawa zenyewe ni za namna tatu hasa. Ya kwanza ni lami, mara nyingi iliyochanganywa na mpira. Huwa nene na ngumu, nayo huzuia vizuri mawe yarushwayo na magurudumu katika barabara za changarawe. Ubaya wake ni kwamba miaka ikipita hukakamaa na kupasuka. Maji huingia katika ufa, hukaa kati ya lami na chuma, wala jua haliyafikii. Mwenye motokaa akitazama huona weusi mzuri, kumbe nyuma ya weusi huo chuma kinakwisha.

Ya pili ni nta. Hii haikauki kabisa. Hubaki laini, hutambaa katika pembe na maungio, na ikikwaruzwa kidogo huweza kujifunga yenyewe. Ndiyo ifaayo kutiwa kwa bomba jembamba ndani ya mihimili iliyo tupu, kama ile iliyo chini ya milango, ambamo kutu huanza kwa ndani bila kuonekana. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nta huondolewa na mchanga na maji ya nguvu, hivyo yataka kutazamwa kila mwaka.

Ya tatu ni mafuta mazito, pamoja na yale yatokanayo na sufu ya kondoo. Huingia upesi katika nyufa nyembamba, wala hayafichi kitu, lakini huondoka mapema kuliko mengine, na mpakaji hana budi kurudia kila mwaka kabla ya masika.

Chini ya dawa hizo yafaa kupaka rangi yenye zinki mahali po pote ambapo chuma kimebaki kitupu. Faida ya zinki twaijua katika mabati ya nyumba zetu. Mfaransa Stanislas Sorel alipewa hati ya kumiliki ufundi wa kuvika chuma zinki mwaka wa 1837, na siri yake ni kwamba zinki hujitoa kafara: huliwa yenyewe kwanza, na chuma kilicho jirani kikasalimika, hata palipo na mkwaruzo.

Wako wenzetu wapakao mafuta machafu yaliyotolewa katika injini, kwa kuwa hupatikana bure. Hatuwashauri hata kidogo. Mafuta hayo yana asidi iliyotokana na moto wa injini, na chembe za madini. Hulainisha na kuharibu mipira. Hudhuru ngozi ya fundi, na yakidondoka huchafua udongo na visima.

Sasa kazi yenyewe. Chagueni siku za kiangazi. Osheni chini kwa maji matamu yenye nguvu, na kutoa matope yote yaliyojificha ndani ya madigadi, kwa maana tope ni kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya chuma. Iacheni motokaa ikauke siku mbili za jua, tena iendesheni, ili upepo uingie katika pembe. Kisha gongeni kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Bisibisi ikipenya, msipake kitu. Mpelekeeni fundi wa kuchomelea. Palipo na kutu nyepesi, sugueni kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, pakeni rangi ya zinki, na ikikauka pakeni dawa mara mbili kwa wembamba, wala si mara moja kwa unene.

Yako makatazo manne. Msizibe vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango na mihimili, kwa kuwa viliwekwa maji yatoke. Akivizibaye amejenga kisima ndani ya motokaa yake. Msipake breki, bomba la moshi, wala mipira. Msiwashe moto karibu, kwani dawa nyingi za kupaka hushika moto. Na juu ya yote, mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Iwekewe vigingi imara vya chuma katika ardhi iliyo ngumu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuombe saa hii. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alinunua motokaa kwa mkopo wa miezi 48. Muuzaji aliisifu kwamba imepakwa dawa chini, na kweli ilikuwa nyeusi kama chungu kipya. Mwezi wa nne gurudumu likapasuka. Alipoitia jeki, jeki ilipanda na motokaa isipande; ilipenya katika muhimili wa chini ya mlango kama kidole katika papai bivu. Lami ilikuwa mpya, chuma kilikuwa kimekwisha, na miezi 44 ya deni ilikuwa imebaki. Basi ndugu, weusi mpya chini ya motokaa kuukuu usiwe sababu ya kununua. Uwe sababu ya kuuliza. Aliyepaka aeleze alipaka lini, na kabla ya kupaka alisafisha nini.

Wala tusidhani kwamba haya huwapata wenye magari hafifu tu. Mwaka wa 2016, katika nchi ya Marekani, kampuni ya Toyota ilikubali mapatano, bila kukiri kosa, ya kumaliza daawa iliyoletwa na wenye magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia, waliodai kwamba chesisi zake, yaani mifupa ya gari, ziliachwa bila kinga ya kutosha na zikaliwa na kutu. Magari hayo yalikaribia 1,500,000, na gharama ilikadiriwa kuweza kufika dola bilioni 3.4. Ikiwa jina kubwa namna hiyo halikutosha kuzuia kutu, sifa za muuzaji wa kando ya barabara zitazuiaje?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano. La kwanza, chama kinunue kwa fedha ya tawi tochi moja ya nguvu, nyundo ndogo, brashi za waya, na vigingi vinne vya kushikia motokaa, vikae kwa mtunza mali na kuazimwa na wanachama kwa zamu. La pili, mwanachama ye yote atakaye kununua motokaa iliyokwisha tumika, kabla hajatia sahihi karatasi ya mkopo, awaite wanachama wawili waende pamoja naye wakaitazame chini. Muuzaji mwenye haki hatakasirika. La tatu, kila mwenye motokaa aweke akiba ndogo kila mwezi kwa ajili ya kazi hii, na Jumamosi moja ya mwezi wa Februari iwe siku yetu ya kuifanya kwa pamoja, kabla mvua za masika hazijaanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi makarani hatuna mshahara wa kujengea kuta mbili. Mashauri haya twayaweka mezani, na kama liko swali tu tayari kulijibu kadiri tuwezavyo. Wenye motokaa waliokuja nazo jioni hii twawaomba wasiondoke mara moja mkutano ukiisha, kwa kuwa tochi tumekuja nayo.