Mbaazi: Chakula, Kuni na Rutuba ya Udongo

(Maneno ya kamati yaliyosomwa Gisozi, Kigali)



Tuko Gisozi, kilima walipozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mahali hapa hapafai maneno mengi. Tumeona vema katika siku ya kumbukumbu tuzungumze juu ya kupanda, na tumechagua mbaazi, ambayo wenyeji wetu huiita umukunde.

Kwanza ni udongo. Mnakumbuka kambi ya Gihembe, Gicumbi, iliyofunguliwa mwaka 1997. Mvua ilichimba makorongo kati ya nyumba, hata mwaka 2021 watu wakahamishiwa Mahama na kambi ikafungwa. Hatusemi mbaazi ingeiokoa Gihembe. Makorongo yale yalitaka mawe na mifereji. Lakini mstari wa mibaazi kwenye mteremko hushika udongo kabla korongo halijaanza. Mzizi wake huenda chini mita moja na zaidi, ndiyo maana hubaki kijani mahindi yakiwa yamekauka. Kwenye mizizi mna vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Asiye na fedha ya mbolea ya dukani, hii ndiyo yake.

Pili ni chungu. Machi 2021 mgao wa wakimbizi hapa Rwanda ulipunguzwa kwa asilimia 60 kwa upungufu wa fedha za wafadhili. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini gramu 20 hivi. Zikiwa mbichi, chemsha kama njegere. Zikiwa kavu, loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha hadi zilainike, kisha unga kwa kitunguu na mawese. Watu wa pwani huziunga kwa nazi wakala na mahamri asubuhi.

Tatu ni kuni. Baada ya kuvuna, kata matawi uache shina. Litachipua tena, na mti huvunwa miaka miwili hadi mitatu. Fito zake huwashwa jikoni, na nyingine huegemeza maharage yanayotambaa. Kila mzigo wa fito ni safari moja ya kutafuta kuni iliyopungua kwa mama au binti.

Namna ya kupanda ni hii. Mvua za Septemba zikianza, tia mbegu mbili au tatu kila shimo, kina cha vidole viwili. Zikiota, bakiza mche wenye nguvu. Acha mita moja na nusu kati ya mistari, katikati upande mahindi au maharage, kwani mbaazi hukua polepole mwanzoni. Usipande bondeni maji yanapotuama, mizizi itaoza. Aina za muda mrefu huchukua miezi minane na zaidi, nazo huvumilia baridi ya milimani. Za muda mfupi hupenda joto kama la Mahama. Wakati wa kuhifadhi, anika vizuri, changanya na majivu, funga chombo, fukusi wasiingie.

Wapo watakaosema: sisi ni wapita njia, tupandeje mti wa miaka mitatu? Ndugu zetu, kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa huko sasa ni wazazi. Miezi minane si mingi mbele ya miaka hiyo. Na ukiondoka kabla ya mavuno, jirani atakula.

Kwa watumishi wa mashirika tuna ombi moja. Ardhi si yetu. Tusaidieni kupatana na wenye mashamba kwa maandishi, kwa miaka mitatu na si msimu mmoja, maana mbaazi inayong'olewa ikiwa na maua hailishi mtu. Mbegu na nguvu tutatafuta wenyewe.