Mtoto wa Gramu 2,600: Kupima Lishe Siku ya Kuzaliwa

Ukambani, jina huweza kutaja msimu ambao mtoto alizaliwa. Mwambua na Mumbua walikuja na mvua. Wayua aliikuta njaa.

Jina hilo lakini linaweza kudanganya. Mwambua anayezaliwa Kalamba, humo humo Ukambani, mwezi Novemba amemaliza miezi yake mitatu ya mwisho tumboni katika kiangazi cha Agosti hadi Oktoba, ghala likielekea kwisha na mama akifuata maji mbali. Miezi hiyo ndiyo mtoto hujiwekea mafuta chini ya ngozi. Mvua ilimpokea tu, haikumlisha.

Mizani nayo hudanganya. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto wa chini ya gramu 2,500 kuwa na uzito pungufu. Kwa hiyo mizani ikisoma 2,600, muuguzi huandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, akamwita mwingine.

Tuchukue watoto wawili wa gramu 2,600, wote wametimiza miezi tisa tumboni. Mmoja ana urefu wa sentimita 46, mwenzake 50. Uzito ukizidishwa kwa 100, kisha ukagawanywa kwa urefu mara urefu mara urefu, wa kwanza anapata 2.67 na wa pili 2.08. Wa kwanza ni mdogo wa umbo lakini ameshiba. Wa pili amekonda, na mizani haikumwona.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake: mtoto mchanga hukunja miguu. Mpimaji akisoma 49 badala ya 50, ile 2.08 inapanda hadi 2.21. Ndiyo maana macho na mikono ya mkunga vina kazi hapa. Mwaka 1994 daktari Jack Metcoff wa Marekani alitoa kipimo cha sehemu tisa: nywele, mashavu, shingo na kidevu, mikono, miguu, mgongo, makalio, kifua na tumbo. Kila sehemu hupewa alama 1 hadi 4, na mtoto asiyefika 25 kati ya 36 huhesabiwa kuwa na utapiamlo. Aliyekosa lishe ana nywele chache zilizosimama, hazilali hata zikichanwa, mbavu zinahesabika, ngozi ya makalio imelegea kama nguo ya kuazima. Hakuna mashine inayohitajika, wala umeme.

Mtoto wa namna hiyo awekwe kifuani kwa mama apate joto, anyonye ndani ya saa moja, na sukari yake ya damu ichunguzwe. Mama naye apimwe damu.

Lakini kinga huanzia kwenye chakula cha mama. Kalamba ina kiwanda cha matunda tangu 2017, ila maembe huiva Novemba ikishapita. Mbaazi ndizo huvunwa karibu na Agosti, na mara nyingi madalali huzibeba zote. Katika kliniki ya wajawazito, swali la mwezi huo lingekuwa: nyumbani zimebaki gorogoro ngapi?