Akiba ya Kubadilisha Vifaa vya Kiwanja cha Watoto

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kiwanja cha michezo cha watoto kinapofunguliwa kijijini, hotuba husomwa, utepe hukatwa, nao watoto huigombea bembea siku ile ile. Katika vitabu gharama huandikwa kuwa imekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza imeanza, kwa maana tangu siku hiyo mnyororo unalika kwenye kulabu, chuma kinashika kutu, na nguzo inaoza pale inapoingia ardhini. Aghalabu kibao chenye jina la mfadhili hupakwa rangi upya kabla ya mtu yeyote kuitazama bolti inayoshikilia bembea.

Chama cha wakulima wa kahawa kina haki ya kuchangia kiwanja cha shule ya awali. Kuijali jamii ni mmoja wa misingi saba ya ushirika iliyopitishwa na vyama vya ushirika vya dunia huko Manchester mwaka 1995. Lakini chama kinachochangia kujenga tu, kisipange kubadilisha, kinawaachia watoto hatari ambayo wao hawawezi kuipima.

Kila katibu anaujua uchakavu. Huukata kila mwaka katika hesabu, thamani ya mali ikapungua hadi ikaisha. Hapo ndipo wengi hupotoka: uchakavu ulioandikwa si fedha iliyowekwa. Mwaka wa nane ukifika, kitabu kinasema bembea imekwisha thamani, na benki haina hata senti moja ya kununulia nyingine. Hapana budi fedha yenyewe itengwe katika akaunti iliyo mbali na matumizi ya kawaida.

Tuseme, kwa mfano tu, bembea imegharimu shilingi 1,200,000 na inatazamiwa kudumu miaka 8. Mtu wa haraka atagawanya na kupata 150,000 kwa mwaka. Lakini bei haisimami. Ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, bembea kama hiyo itauzwa kwa shilingi 1,770,000 hivi, na akiba inayotakiwa ni kama 221,500 kwa mwaka. Katika chama cha wanachama 300, hiyo haifiki shilingi 750 kwa kila mmoja.

Miaka hiyo 8 isichukuliwe kuwa sheria. Huko juu Kibosho, Machame na Marangu, unyevu wa masika na vuli huozesha mbao na kulisha kutu. Huku tambarare, mchwa na jua ndio adui. Tena vifaa havichakai kwa pamoja. Kulabu na minyororo huisha mapema, viti hufuata, nguzo hudumu zaidi. Yafaa kila sehemu iandikwe peke yake katika daftari la mali, pamoja na tarehe iliyofungwa na mwaka unaokisiwa kubadilishwa. Chama kikifanya hivyo, kinanunua mnyororo mwaka huu na kiti mwaka ujao, badala ya kungoja kununua kiwanja kizima kwa siku moja. Hata kiti cha tairi kuukuu, ambacho ni rahisi na kizuri, kitobolewe matundu chini, maji ya mvua yasije yakazalisha mbu.

Fedha yenyewe itoke lini? Ikatwe wakati wa malipo ya kahawa, kwa kiasi kilichokubaliwa katika makisio na kupitishwa na mkutano mkuu. Mkulima wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa jinsi bei ya kahawa inavyogeuka. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei duniani. Kuvunjika kwa mgawanyo wa mauzo chini ya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa mwaka 1989 kukaiporomosha. Basi mwaka wa neema uchangie zaidi ya kiwango, ili mwaka wa ukata usisimamishe mpango.

Si kila gharama ni ya fedha. Kabla ushirika haujaanza mlimani, watumiaji wa mfongo walitoka pamoja kuusafisha, na asiyetoka alikatiwa maji. Kukaza nati, kupaka rangi na kujaza mchanga laini chini ya bembea ni kazi ya namna hiyo hiyo. Siku zake ziingizwe katika makisio kwa tarehe, kabla ya masika na baada yake, na jina la msimamizi liandikwe.

Jambo moja huzusha ugomvi kuliko yote: vifaa ni vya nani? Kiwanja huwa cha kijiji, shule ina kamati yake, chama kimetoa fedha. Bila maandishi, kila mmoja hungoja mwenzake. Makubaliano mafupi yenye sahihi za pande zote yaseme mali ni ya nani, nani anakagua, na nani ana mamlaka ya kufunga kifaa kibovu siku hiyo hiyo bila kungoja kikao. Kama mali si ya chama, isiingizwe katika mali zake. Kinachoandikwa ni mchango wake katika mfuko.

Kifaa kilichong'olewa kisiachwe pembeni ya kiwanja, maana watoto watakichezea hapo kilipolala. Mashimo ya nguzo yafukiwe mara moja, vyuma viuzwe kama chakavu, na bei yake irudi katika akaunti ile ile kwa stakabadhi.